Mbegu 27,721 za Mama Aicha

Katika soko la Kasongo, Mama Aicha huuza mawese na chumvi kwenye meza ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Ana miaka sitini na miwili, sauti ya chini, na tabia ya kukujazia chupa hadi mafuta yamwagike kidogo, kisha anakucheka ukilamba vidole. Mumewe alikufa zamani kwa ugonjwa wa ini. Alizaa watoto watano. Wakati wa habari hii walikuwa wamesalia wawili: binti aliyeolewa Nyangwe, na Iliasi, kitinda mimba, ambaye hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa.

Lakini watu wa mtaa wetu hawamjui Mama Aicha kwa mawese tu. Wanamjua kwa mfuko wake. Ni mfuko wa ngozi, mzito kama mtoto mchanga, uliojaa mbegu ndogo nyekundu. Kila mbegu ina doa jeusi upande mmoja, kama mboni ya jicho. Aliuacha mwalimu Bulaimu, babu wa mama yake, na tangu hapo umetunzwa na wanawake wa ukoo huo, mama kwa binti. Mtu akifa katika jamaa za Kiislamu za mtaa, wanawake hukusanyika na kumsomea tahlili kwa mbegu hizo.

Nyumba yetu na yake zinatenganishwa na mfereji wa maji ya mvua tu. Sisi ni Wakristo, lakini tangu utotoni nilikuwa naruhusiwa kukaa mlangoni na kutazama. Kitambaa cheupe kirefu hutandikwa katikati ya chumba, na mbegu humwagwa juu yake hadi ziwe kama tuta la muhogo. Wanawake hukaa pande zote mbili, kila mmoja na bakuli lake. Kiongozi hutamka kwamba hapana mungu ila Mungu, wote hutamka pamoja naye, na kwa kila tamko kila mkono huchukua mbegu moja, moja tu, na kuitia bakulini. Hakuna anayetangulia wala anayechelewa. Mmoja akikohoa, wote husimama mpaka amalize. Hivyo tuta hupungua polepole, kwa zaidi ya saa moja, hadi kitambaa kibaki cheupe.

Na kila mara, mwishoni kabisa, hubaki mbegu moja ambayo haina mkono wa kuichukua. Wanaiita mbegu ya mwenyewe. Ni fungu la marehemu. Mama Aicha huiokota, huisomea peke yake kwa jina la aliyekufa, na hapo msiba huwa umefungwa.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba anaificha mbegu hiyo katika kiganja. Walikaa wanawake wanane, ikabaki moja. Walikaa kumi na mmoja, ikabaki moja. Walikaa watano wakati wa mvua kubwa, wengine wameshindwa kuvuka mto, ikabaki moja. Niliitazama mikono yake mpaka macho yakaniuma, nisione kitu. Nadhani ndipo nilipoanza kupenda hesabu.

Iliasi alikuwa na miaka ishirini na saba alipokwenda mara ya pili kuchimba dhahabu upande wa Lusangi. Alimwacha mkewe Subira kwa mama yake, akaahidi kurudi kabla ya mavuno ya mpunga. Mwezi wa pili tangu aondoke, shimo liliporomoka baada ya mvua. Waliosimama juu walisema kwamba chini walikuwamo watu saba. Zilitolewa maiti tano. Wawili hawakuonekana: Iliasi na kijana mwingine. Halafu, miezi mitatu baadaye, yule kijana mwingine alikutwa Wamaza, mzima, anauza unga wa muhogo. Alikuwa ameondoka shimoni siku moja kabla, bila kumuaga mtu. Kwao walikuwa wamekwisha kumlilia.

Habari hiyo ndiyo iliyomtesa Mama Aicha. Kama mmoja wa wale wawili alikuwa hai, kwa nini asiwe hai wa pili? Kila pikipiki iliyosimama karibu na mfereji ilimtoa nje.

Ramazani, kaka wa marehemu mumewe, alisubiri miezi kumi na minne. Kisha alikuja akamweleza kwa heshima kwamba Subira si mke wala si mjane, kwamba binti wa watu anakauka ndani ya nyumba, kwamba ushahidi wa wachimbaji unatosha, na kwamba Iliasi asomewe tahlili ili Subira aanze eda yake, avue mapambo na kuhesabu siku zake za ujane, kisha aweze kuolewa. Mama Aicha alimjibu kwamba hajaona mwili. Walibishana siku nyingi, mpaka jioni moja, nikiwa nimekaa nao uani nachambua mchele, akatoa sharti lake.

“Sawa, shemeji. Tutasoma. Mbegu ya mwenyewe ikibaki, nitakubali mutoto wangu amekufa. Isipobaki, mutu asinitajie tena eda katika hii nyumba.”

Ramazani alikubali haraka sana. Naye aliwahi kuona misiba mingi.

Ila palikuwa na tatizo. Kwa jinsi Iliasi alivyopendwa, jamaa wengi wangekuja kutoka Nyangwe na Kabambare, na hakuna aliyekumbuka tahlili iliyosomwa na zaidi ya wanawake kumi na wawili. Je, wakizidi, itabaki bado? Nilikuwa nimerudi kutoka Kindu na lisansi, shahada yangu ya hesabu, bado sijapata darasa la kufundisha. Mama Aicha alinitazama, akaingia ndani, akatoka na mfuko, akaniwekea mapajani.

“Elsa, weye umesoma. Hesabu. Lakini usinidanganye hata kwa moja.”

Nilihesabu alasiri tatu, kumi kumi, mia mia, katika sahani zetu zote. Nilirudia mara mbili. Zilikuwa mbegu elfu ishirini na saba, mia saba ishirini na moja.

Nilipoiandika namba hiyo niliitambua. Chukua nane, zidisha kwa tisa, kisha kwa tano, kwa saba na kwa kumi na moja. Utapata 27,720. Hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika sawasawa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, na kila namba mpaka kumi na mbili. Mwalimu Bulaimu aliitafuta, sijui kwa njia gani, pengine kwa chaki juu ya ubao wa mbao, kisha akaongeza mbegu moja. Ndiyo maana wakikaa wawili au saba au kumi na wawili, ni lazima ibaki moja. Hakuna kiganja kinachoficha kitu.

Niliendelea mbele ya kumi na mbili. Wakikaa kumi na watatu zinabaki tano. Kumi na wanne, moja. Kumi na watano, moja. Kumi na sita, tisa. Kumi na saba, kumi na moja. Kumi na wanane, moja tena. Nilipofika kumi na tisa nilirudia kugawanya, kwa sababu nilidhani nimekosea. Hakibaki kitu. Namba ya mwalimu ni kumi na tisa mara elfu moja mia nne hamsini na tisa, kamili. Kumi na tisa ndiyo ya kwanza, ukianzia mbili, inayomaliza mbegu zote.

Niliwaeleza wote wawili pamoja, ili pasiwe na siri. Ramazani alipiga paja. “Kumi na wanane, basi,” alisema. “Nitawahesabu miye mwenyewe pale mlangoni.” Kisha akanitania kwamba lisansi yangu imepata kazi kabla yangu.

Mama Aicha hakucheka. Aliniuliza kama ni kweli kwamba wakikaa kumi na wanane itabaki moja, hata kama Iliasi yu hai na anakula chakula mahali fulani. Ilinibidi nimjibu kwamba ndiyo. Hesabu haijui nani amekufa.

“Na kumi na tisa ndio ile ambayo haibaki.”

“Ndiyo, Mama.”

Alifunga mfuko. “Sawa. Wakae kumi na wanane.”

Sikuelewa kwa nini alikubali sharti ambalo tayari lilikuwa limempinga. Nilidhani amechoka.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, jua kali nje. Ramazani alisimama mlangoni na kuwaingiza mmoja mmoja, akiwahesabu kwa vidole. Nilikuwa na daftari, nami nikaandika kila jina, pamoja na la Mama Aicha: kumi na wanane. Kisha akaenda kukaa na wanaume uani. Mimi nilibaki kizingitini, daftari gotini, kalamu mkononi. Faridah, dada mdogo wa Mama Aicha, aliongoza. Mkono wake wa kulia ulichukua mbegu kama wengine, na wa kushoto ulisogeza tasbihi ya punje mia, ili hesabu ya matamko isimpotee.

Walikaa tisa upande huu na tisa upande ule, wamebanana. Lakini upande wa ukutani, kati ya Faridah na Subira, ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Nilidhani wameiacha kwa sababu ya joto. Niliona Faridah akisogea kidogo kuijaza, kisha akarudi alipokuwa, kama mtu aliyegusana na jirani akaona haya.

Walianza. Sauti za wanawake wanaotamka pamoja kwa muda mrefu hufanya chumba kisahau kuta zake. Mikono ilikwenda na kurudi, mbegu zikalia ndani ya mabakuli, tik, tik, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Baada ya nusu saa niligundua kitu, nikakiandika daftarini ili nisije nikadhani baadaye kwamba nimekiota: tuta lilikuwa linapungua sawasawa kila mahali, hata mbele ya ile nafasi. Hapakuwa na mkono uliofika pale. Niliwatazama Faridah na Subira. Kila mmoja alichukua mbegu mbele ya magoti yake, na macho yao yalikuwa yamefumbwa.

Na ule mlio wa mbegu, kwa upande ule, haukuwa wa bakuli tu. Katikati yake palikuwa na mlio mwingine, mkavu, kama wa kitu kinachoangukia mkeka.

Kitambaa kilikwisha ghafla. Walitamka, mikono ikaenda, ikarudi, na hapakubaki kitu. Mama Aicha alikuwa ameinama kuokota mbegu ya mwenyewe. Kiganja chake kilipita juu ya kitambaa cheupe toka mwanzo hadi mwisho, mara mbili, kikirudi kitupu.

Faridah ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya mtu anayejitetea. “Imeisha mapema. Miye bado iko katikati ya tasbihi.” Alikuwa ameizungusha tasbihi mara kumi na nne kamili, na katika mzunguko wa kumi na tano kidole chake kilikuwa juu ya punje ya hamsini na tisa.

Elfu moja mia nne hamsini na tisa. Kalamu ilikwenda yenyewe. Kwa watu kumi na wanane matamko yalipaswa kuwa elfu moja mia tano na arobaini. Nilizidisha kumi na nane mara 1,459 nikapata 26,262. Nilitoa hiyo katika mbegu zote. Jibu lilikuwa 1,459.

Nikainua macho. Nilijua lazima pawe na fungu jingine, na nilijua litakuwa wapi.

Lilikuwa katika ile nafasi, juu ya mkeka mtupu, karibu na ukuta, limekusanywa vizuri kwa duara, jinsi mtu anavyokusanya asipokuwa na bakuli. Faridah alidhani ni la Subira. Subira alidhani ni la Faridah. Kila mmoja alikuwa na bakuli lake limejaa mbele yake. Subira aliinuka akasimama upande wa pili wa chumba, amejishika masikio.

Ramazani aliitwa. Alisema kuna aliyechukua mbili mbili kwa uchovu. Alisema wale wawili wamemwaga. Alinigeukia mimi pia, akauliza kama sikuingiza mkono, na wanawake wakamjibu kwamba mikono yangu ilikuwa na kalamu na daftari muda wote. Mwishowe alinyoosha kidole. “Lihesabu.”

Nilipiga magoti nikahesabu, kumi kumi, mbele ya wote. Mbegu zilikuwa na joto, kama zimetoka mfukoni mwa mtu. Mia moja. Mia tano. Elfu. Nilipofika elfu moja mia nne na hamsini zilibaki tisa, na nilizihesabu kwa sauti kwa sababu Ramazani aliniomba.

Mama Aicha aliketi chini karibu na ile nafasi. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana.

“Maiti huachiwa yake,” alisema. “Huyu amechukua mwenyewe. Shemeji, mutu aliyekufa anaokota mbegu?”

Ndipo nilipoelewa kwa nini alikubali kumi na wanane: alimsubiri wa kumi na tisa. Alipakua wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sahani ya Iliasi, ile ya bati yenye ua la buluu, akaiweka pale, akasema wageni nao wale chakula chao na wasijali. Wageni hawakula sana. Nilimtazama akiongea chini chini na ukuta, habari za soko, bei ya chumvi, nani ameolewa, na ninakiri kwamba niliogopa zaidi furaha yake kuliko fungu la mbegu.

Ramazani hakutaka iishie hapo. Alisema jambo lililokosewa mara moja hurudiwa. Wasome tena kesho, watu wale wale, mahali pale pale. Nilitarajia Mama Aicha akatae, maana sharti lake lilikuwa limetimia. Lakini alikubali kwa urahisi. Alikuwa na uhakika.

“Akikaa tena kesho,” alimwambia shemeji yake, “weye utakuwa shahidi wangu, na utanyamaza mpaka siku ya kufa.”

“Nitanyamaza.”

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Ramazani aliwahesabu tena mlangoni, safari hii akiwagusa mabega. Kumi na wanane. Mama Aicha mwenyewe alipanga mahali pa kukaa mkekani, akahakikisha nafasi ile imeachwa kati ya Faridah na Subira, na safari hii akaweka bakuli. Lilikuwa bakuli jipya. Kisha akakaa upande wa pili, aielekee.

Walitamka. Niliandika kila mia. Kwenye mia tatu nilianza kuona tofauti, na nadhani naye aliiona wakati ule ule. Mbele ya ile nafasi tuta lilikuwa limesimama. Lilipungua kulia na kushoto, na pale likabaki kama kichuguu. Hapakuwa na mlio mkavu katikati ya milio. Kwenye mia tisa Faridah na Subira walilazimika kunyoosha mikono na kuchukua katika kichuguu hicho, kwa sababu mbele yao palikwisha. Mama Aicha aliendelea kutamka. Machozi yalimtiririka, lakini mkono wake haukukosa hata tamko moja. Angeweza kukosa. Angeweza kuchukua mbili mara moja tu, mbegu ya mwenyewe isingebaki, na hakuna hesabu yangu ambayo ingemkamata. Nilitazama vidole vyake kama nilivyovitazama utotoni. Moja. Moja. Moja.

Elfu moja mia nne hamsini na tisa ilipita, na hawakukoma. Walifika tasbihi kumi na tano, na punje arobaini. Mikono ilikwenda, ikarudi.

Katikati ya kitambaa cheupe ilibaki mbegu moja, doa lake jeusi limeelekea juu. Bakuli jipya lilikuwa tupu.

Mama Aicha hakuichukua mara moja. Alilitazama lile bakuli kwa muda mrefu. Ramazani alikuwa amefika mlangoni nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake. Kisha Mama Aicha alitambaa kwa magoti juu ya kitambaa, akaiokota mbegu, akaifunga katika kiganja, akasoma peke yake, akamtaja Iliasi kwa jina lake na jina la baba yake. Sauti haikukatika.

“Jana alikuja kusoma na sisi,” alisema. “Leo ametuachia yake.”

Alimgeukia mkwewe. “Subira, mwanangu, anza siku zako.”

Subira aliinua mikono masikioni. Heleni zake zilikuwa zile ndogo za dhahabu ambazo Iliasi alimletea safari yake ya kwanza. Ile ya kushoto ilifunguka upesi. Ya kulia ilimshinda, vidole vilikuwa vinateleza, na Mama Aicha akaenda kumsaidia.